Paa la tembe lilikuwa sehemu ya jiko

Mwambie fundi wa Dodoma akujengee tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, kwanza atacheka. Mimi nilimwambia mmoja pale Mkonze, mwezi wa kumi na moja, jua la saa nane limetukalia utosini. Akatua karai la zege, akanitazama. "Kaka, hela ya bati unayo, tembe ya nini? Tembe ni ya bibi yako." Tulikuwa tumejibanza kwenye kivuli cha ukuta, nje, kwa sababu ndani ya nyumba aliyokuwa anaimalizia, bati lina siku mbili na dari bado, hakuna aliyetaka kuingia.

Kicheko chake kina hoja na nitairudia. Ila kila mara mjadala huu unapozuka, kwenye msiba, kwenye daladala, popote, naona pande mbili zinazopigana kwa nguvu juu ya jambo lile lile nusu. Upande mmoja unasema tembe ni umaskini na aibu, ibomolewe yote, mji mkuu hauwezi kuzungukwa na vichuguu. Upande wa pili, wengi wao vijana waliosoma usanifu na watu wenye ndoto za utalii, unasema tembe ni nyumba inayolinda mazingira, haina saruji, ina ubaridi mchana na joto usiku, basi irudishwe. Wote wanaongea ukuta, paa na nyuzi za joto. Sufuria hawaitaji.

Na tembe bila sufuria haieleweki. Kwa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, lile paa bapa la udongo juu ya fito na nguzo lilikuwa pia uanikio. Mtama ulianikwa pale, maboga yalikaa pale, na zaidi ya vyote, majani: mlenda pori, majani ya kunde, majani ya maboga. Anayeipima tembe kama mahali pa kulala tu ataiona duni, na hatakuwa amekosea sana. Lakini ameipima nusu.

Angalia kalenda. Dodoma hupata mvua ya milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Inayobaki ni miezi saba ya vumbi. Februari, mlenda unaota hata pembeni ya njia ya kwenda kisimani, huhitaji kupanda wala kununua. Agosti huupati. Kwa hiyo swali la mama wa Kigogo halijawahi kuwa "leo tunakula mboga gani". Swali lake huulizwa mwezi wa pili: Oktoba tutakula nini?

Tupige hesabu, maana mimi hesabu hii imeninyima usingizi zaidi ya nyuzi joto za wasanifu. Miezi saba ni siku kama 210. Tuseme familia ya watu sita inakula mlenda mara moja kwa siku, na kila upishi unachukua gramu 60 za unga wa majani makavu. Hiyo ni kilo 12 na ushee, mfuko mmoja tu, unaweza kuuning'iniza kwenye mwamba wa nyumba. Lakini majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ili upate hizo kilo 12 lazima uanike karibu kilo 100. Kilo 100 za majani, yametandazwa membamba yasivunde, katikati ya msimu wa mvua, ambapo wingu linaweza kukushtukiza saa tisa alasiri! Unahitaji mahali pakubwa, palipoinuka, penye upepo, ambapo kuku hafiki na unaweza kukusanya kila kitu kabla tone la tatu halijaanguka. Paa la tembe la mita za mraba 40 linafanya kazi hiyo kwa mizunguko mitatu. (Mbuzi? Mbuzi mjanja hupanda paa la tembe, ndiyo. Ndiyo maana Mungu aliumba watoto.)

Sasa bati. Juu ya bati la mgongo lenye mteremko huaniki kitu. Nimeona Nala familia yenye nyumba nzuri, madirisha ya alumini, geti, na mlenda umeanikwa chini kwenye turubai kuukuu, kuku wanapita juu yake kama barabarani. Mama mwenye nyumba akaniambia ameshaacha, mwaka huu ananunua sokoni, unga wa mlenda kwa kipimo cha kikombe. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wa sokoni una mchanga.

Katika huo ununuzi mdogo ndipo ninapoona hasara isiyoandikwa popote. Dodoma iko mbioni kuhamia nishati safi kama nchi nzima. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo jema, na sina ugomvi na mtungi wa gesi. Lakini mjadala wote unahusu jiko, hauhusu kinachopikwa. Maharage yaliyokaa gunia muda mrefu yanakula saa mbili, tatu za moto. Mlenda mkavu? Maji yachemke, chumvi, magadi kidogo kwenye ncha ya kijiko, unga wa majani unaingia, unapekecha, karanga zilizotwangwa zinafuata, na kabla ugali wa uwele haujapoa mboga imeiva. Kazi kubwa imeshafanywa na jua juu ya paa miezi minane kabla, bure. Yule mama wa Nala mwenye mtungi mdogo wa kilo 6, akipika maharage kila siku, mtungi unamwishia upesi na anarudi kwenye mkaa. Akipika mlenda, gesi inamfikisha mwisho wa mwezi. Kama kuna chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya gesi ya bei ghali, ni hiki cha bibi aliyepikia mafiga matatu.

Haya, kicheko cha fundi.

Tembe ilikuwa na wenyeji wasiolipa kodi. Papasi, jamii ya kupe, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, na homa ya papasi imewatesa watu wa Dodoma kiasi kwamba Mvumi ikawa mahali pa kuitafiti. Kongwa nayo inajulikana kwa watafiti wa dunia kwa sababu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha. Inzi wa zizi lililoko uani na uhaba wa maji ya kunawa uso vina mchango mkubwa hapo, na tembe imejengwa kulizunguka zizi. Moshi je? Moto ulikokwa ndani, na bibi zetu walikohoa. Hapa pana kejeli ambayo wasanifu wa kurudisha tembe hawaitaji: moshi huo huo ndio uliozipaka nguzo masizi na kuwakatisha tamaa wadudu wa mbao. Jenga tembe safi isiyo na moshi, umwachie mchwa karamu.

Halafu uzito. Paa la udongo la unene wa sentimita 15 lina kilo kama 240 kwa kila mita ya mraba, likiwa kavu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinabeba karibu tani tatu juu ya vichwa vya waliolala. Ili kuzibeba unahitaji miti migumu, mingi, na uibadilishe inapooza. Mkoa ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012. Ya 2022 ikakuta 3,085,625. Anayetaka wote hao walale chini ya tembe halisi atuonyeshe msitu. Mtu anayekumbuka jinsi ardhi ya Kondoa ilivyomomonyoka hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa, hawezi kuzungumza juu ya "vifaa vya asili" kana kwamba asili ni duka lisiloisha.

Na kuna hoja ya maji, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote za upande wa bati. Mita 40 hizo hizo za paa, zikiwa bati, kwa mvua ya milimita 550 na ukitoa inayopotea, zinaweza kukuvunia zaidi ya lita 17,000 kwa msimu. Tembe inayanywa maji hayo, na ikishiba inayadondosha kitandani. Hapo sina la kujibu, isipokuwa kwamba nyumba nyingi za bati ninazopita hazina hata mfereji wa pembeni, achilia mbali tangi. Maji yanaanguka chini, yanachimba msingi, yanaondoka. Tumeacha uanikio ili tupate kisima, na kisima chenyewe hatujakichimba.

Lingine ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyohusishwa. Kuanika nafaka moja kwa moja juu ya udongo ni mojawapo ya njia za kumkaribisha yule kuvu, iwe udongo wa uani au wa paani. Kwa hiyo nikisema paa la tembe lilikuwa sehemu ya jiko, sisemi tumwage mahindi juu yake. Hata majani, jua kali moja kwa moja huyapunguzia vitamini. Kivulini penye upepo yanabaki na nguvu zaidi.

Basi nimebaki na nini? Nimebaki na imani kwamba Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ilipowahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika hadi vijiji, na baadaye kampeni za nyumba bora, ziliihesabu nyumba kwa paa lake na hazikuuliza paa lile lilifanya kazi gani. Bati lilichukua nafasi ya udongo. Kazi ya kuanika haikupewa mtu.

Udongo wenyewe haujashindwa. Msanifu majengo Francis Kéré alijenga shule ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001, kwa matofali ya udongo na dari ya udongo, kisha akaliinua bati juu peke yake, hewa ipite katikati. Joto likabaki bati, ubaridi ukabaki darasani. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani. Hapa kwetu wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora amefundisha kwa miaka matofali ya udongo yanayofungamana, yenye saruji kidogo, yasiyopitia tanuru la kuni. Kwa hali ya hewa ya Dodoma naona hiyo ni njia yenye akili kuliko tofali la kuchoma na kuliko nguzo za mpingo. Lakini hata Kéré hakuniambia mlenda nianike wapi.

Aliyeniambia ni mteja wa yule fundi wangu wa Mkonze, mama mtu mzima, mstaafu. Nyumba yake ni ya bati na mfereji na tangi, kila kitu. Ila nyuma ya jiko alidai kichanja: nguzo za chuma nne, urefu wa kifua, wavu wa kuku umetandikwa juu, na kipande cha paa la makuti kinachofunika nusu yake. Majani yanaanza kivulini, nafaka inakaa juani, hakuna kinachogusa ardhi. Fundi alibisha wiki nzima kwamba kinaharibu mwonekano wa nyumba. Mama akamjibu, "Mwanangu, wewe unakula mwonekano?"

Kilijengwa. Kwenye mchoro uliopelekwa kuombea kibali, fundi alikiandika "sehemu ya kuanikia nguo".