Wenye Subaru wa Malindi, shukeni hadi inchi 16

Vijana wa Subaru wa hapa mjini watanitukana, na watukane tu. Maoni yangu ni haya: kama una gari la kasi, mfuko wako ni mwembamba na gari lenyewe linalala Malindi, vua rimu za inchi 17, vaa za 16, na pesa itakayobaki nunua matairi manne mapya ya bei ya kati. Yote manne, siku moja.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo ubishi unapoanzia. Impreza nyingi zilizotoka Japani na rimu za 17 huvaa 205/50R17. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi una milimita 102 na nusu, na tairi zima lina kimo cha milimita 637 hivi. Sasa chukua 205/55R16. Ubavu unafika karibu 113, na tairi zima ni 632. Tofauti ya kimo haifiki hata asilimia moja. Mshale wa spidi utabaki mkweli vilevile, madigadi hayatasuguliwa, nawe umepata sentimita nzima ya ziada ya mpira na upepo kati ya rimu yako na shimo. (Mwenye STI, ile Impreza ya mbio, yenye breki kubwa za Brembo asinisikilize. Rimu ya 16 haipiti juu ya kalipa zile, yaani vibano vya breki, kwa hivyo yeye abaki na 17 zake na gharama zake.)

Sentimita hiyo ni pesa. Barabara kuu ya kwenda Mombasa si mbaya sana, lakini hakuna mtu anayelala barabara kuu. Ukishaiacha lami kuingia Barani au Maweni unakutana na mawe ya tumbawe yaliyochomoza mchangani kama meno, na ukingo wa lami uliokatika ghafla pale tuktuk na matatu zinaposhukia. Ubavu mwembamba ukigonga hapo unabanwa kati ya jiwe na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona nundu imetoka. Nundu haina kiraka. Fundi wa pancha atakayekuambia anaweza kuishughulikia, mshukuru, uondoke.

Hoja kubwa ya upande wa pili naijua, huwa naisikia kila penye kompresa: afadhali Bridgestone au Yokohama ya mtumba kuliko tairi jipya lenye jina usiloweza hata kulitamka. Ninaielewa. Wengi wetu tumekulia kwenye magari ya wazee yaliyovaa matairi ya Yana, na tangu kiwanda chake cha Nairobi kilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2016, duka limejaa majina mageni. Lakini jina la ubavuni halisemi tairi limepitia nini. Kabla hujalipa, tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa kiduara cha mviringo. Zikisoma 2315, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2015. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama meno bado yapo. Kwa jua la hapa, mimi sinunui lililopita miaka sita, na muuzaji akiniambia lilikuwa stoo tu, namwambia libaki huko huko.

Kisha tafuta neno STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari; ukilikuta, usinunue. Hili watu hawaliangalii kabisa, na ndilo linalonifanya nipige kelele. Japani ina theluji, na mpira wa matairi yao ya majira ya baridi umechanganywa ubaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Wakishayachoka, yanasafirishwa kuja kwetu, mengine yakiwa yamevaliwa na gari lenyewe ulilonunua. Yanavutia, kwa kuwa meno yake ni marefu na yana vijistari vingi vidogo, na mnunuzi anadhani ameokota dhahabu. Kwenye lami ya Malindi saa saba mchana, tairi hilo linalegea, linalika haraka, na gari linaogelea kwenye kona. Blizzak, tairi la theluji la Bridgestone, ni la heshima sana likiwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hapa Gede halina kazi.

Tairi jipya nalo lina maandishi yake. Ukiona 91V, 91 ni uzito, yaani kilo 615 kwa kila tairi, na V ni kilomita 240 kwa saa. H ni 210. Hakuna atakayefika huko, na asijaribu, ila herufi hiyo inakueleza tairi linastahimili kiasi gani cha joto linalotokana na mwendo, na joto sisi tunalo hata gari likiwa limesimama. Mengi pia yana alama za Marekani. TREADWEAR ikiwa 200 mpira ni laini, unashika barabara na kuisha mapema. Ikiwa 500 ni mgumu na wa kudumu. Usiiamini kama msahafu, kwa sababu mtengenezaji ndiye anayejipimia mwenyewe. TRACTION inahusu kusimama kwenye maji, kuanzia AA hadi C. TEMPERATURE inaanzia A hadi C.

Mimi naanza na hiyo TRACTION. Mwezi wa tano masika yakichachamaa, na maji yamefunika mchanga uliopeperushwa barabarani, ndipo utakapojua umenunua nini. Nataka AA au A, TEMPERATURE iwe A, na TREADWEAR kati ya 300 na 400. Laini zaidi ya hapo ni anasa. Ngumu zaidi ya hapo, basi ungenunua Probox.

Kuhusu kununua yote manne. Najua desturi yetu ni mawili mwezi huu, mawili Mungu akijalia. Kwa Vitz au Swift haina neno, mradi yale mapya yafungwe nyuma, hata kama fundi atakubishia, kwa kuwa nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka na wewe huna la kufanya. Subaru ni habari nyingine. Kwa nyingi magurudumu yote manne yanavuta, na kampuni yenyewe inataka mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Hiyo ni milimita moja tu ya meno. Ukichanganya mapya mbele na vipara nyuma, diferensho ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi kila dakika, inachemka, na bei ya giaboksi unaijua.

Pesa itoke wapi? Itoke kwenye rimu. Za 16 hupatikana kwa bei nzuri kwa vile kila mtu anakimbilia kubwa. Kwa Impreza ya kawaida hakikisha ni 5x100, yaani nati tano kwenye mduara wa milimita 100, na tundu la katikati liwe milimita 56.1 au likubali ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukifika Matsangoni na utalaumu matairi. Zizungushe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa, si baada. Kisha jaza upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa presha iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na usimruhusu kijana wa kompresa akuwekee 45 kwa sababu gari lako ni la mbio.

Zile za 17 usimwachie fundi kama fidia ya kazi. Zioshe chumvi, zipige picha kwenye kivuli, zitangaze Mombasa. Huko kuna wengi wanaozitafuta.