Mwenye dume, simu yako iko wapi?

Jike wa mbwa huzaa mara moja au mbili kwa mwaka, au hata aruke mwaka akiwa na mwenye busara. Dume aliyepata jina kwenye makundi ya wafugaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kupanda majike kadhaa ndani ya miezi michache. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mzigo wote ni wa mwenye jike, na kwamba mwenye dume kazi yake ni kufungua geti na kupokea pesa. Kasoro ya dume huwa imeshafika nyumba nyingi kabla watoto wake wa kwanza hawajafikia umri wa kuchechemea.

Mazungumzo yaanze kwa karatasi, bei baadaye. Kwa German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, ambao wengi huku tunawafuga kwa ulinzi, iwepo eksirei ya nyonga na viwiko iliyopigwa mbwa akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja. Miaka miwili ni bora zaidi. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka. Aliye na moja asipandishwe, hata awe na umbo la kupendeza namna gani, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa.

Dume na jike wote wapimwe Brucella canis. Bakteria huyu huharibu mimba, mara nyingi ikiwa na siku 45 hadi 55, huvimbisha korodani, na mbwa anaweza kubaki naye hata baada ya dozi ndefu ya antibiotiki. Tena humwambukiza binadamu, hasa anayeshika mimba iliyotoka kwa mikono mitupu.

Halafu kuna uvimbe wa zinaa, ambao mbwa wetu wanaozurura wanao sana. Unafanana na koliflawa, unavuja damu, na huenezwa kwa seli zenyewe kuhama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana. Kabla ya kila jike, ngozi ya uume ivutwe nyuma mpaka fundo la kwenye shina la uume lionekane, maana uvimbe hupenda kujificha huko nyuma. Kutazama ncha peke yake hakutoshi. Matone ya damu yanayoonekana sakafuni alipolala dume yasipuuzwe. Tiba ipo: sindano za vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida nne hadi sita. Dume apumzike mpaka daktari wa mifugo athibitishe amepona, na mwenye dume awapigie simu wote walioleta majike yao karibuni. Hiyo ndiyo simu wengi hawaipigi, kwa kuogopa dume kuharibikiwa jina. Kwangu, asiyeipiga hafai kupelekewa jike tena.

Homa nayo isemwe. Huharibu manii, nayo huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyeugua ugonjwa wa kupe mwezi uliopita anaweza kupanda kwa nguvu zake zote na jike asishike.

Kuhusu siku, ile desturi ya kupandisha siku ya 11 na ya 13 tangu damu ianze huwatupa wengi, kwani kuna majike wanaopevusha mayai mapema zaidi na wengine baada ya siku ya 20. Kipimo cha damu cha projesteroni (homoni ya uzazi) kikikaribia nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanaachiliwa, lakini huhitaji kama siku mbili zaidi kukomaa. Pandisha siku ya 2 na ya 4 baada ya hapo. Mahali pasipo kipimo, dume asilazimishwe kwa jike anayekaa chini na kung'ata. Sakafu ya vigae itandikwe zulia la mpira. Wakishanasana, washikwe wote wawili kwa utulivu mpaka waachane wenyewe, dakika 5 hadi 30 au zaidi. Kuwavuta au kuwamwagia maji ni ujinga unaojeruhi.

Jike anayelala kwako yuko chini ya dhamana yako: banda lenye kufuli, peke yake. Dume mwingine akimrukia, sema siku hiyohiyo. Uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, na kipimo cha DNA ndicho kitakachowatenganisha watoto. Akirudi kwao afungiwe wiki moja zaidi au mpaka amkatae dume, maana bado anaweza kushika.

Malipo yaandikwe kabla ya geti kufunguliwa. Mimi napendelea fedha kuliko kupewa mtoto mmoja wa kuchagua: nusu ilipwe siku ya kupanda, nusu baada ya ultrasaundi ya siku ya 28 hadi 30. Jike asiposhika, arudiwe bure joto linalofuata, na iandikwe pia itakuwaje dume akiwa ameuzwa au amekufa. Wanaong'ang'ania mtoto waandike nani anachagua kwanza, wiki ya ngapi (ya 7 au ya 8, si ya 3), na akizaliwa mmoja tu ni wa nani.

Na kama watoto watasajiliwa East Africa Kennel Club, chama cha Kenya kinachosajili mbwa, saini karatasi za dume mapema. Kuzishikilia ili uongezewe pesa ni unyang'anyi tu.