Mwani wa bluu-kijani: tuanze na seli, rangi ije baadaye

Ningekuwa na sauti katika ufundishaji wa biolojia kwenye sekondari zetu za Mtwara, katika kuainisha mwani rangi ningeiweka mwisho kabisa.

Spinosum, aina ya mwani wa baharini inayolimwa kwenye kamba katika ghuba ya Mikindani huweza kuwa ya kijani au ya kahawia, na bado ni mwani mwekundu. Seli zake zina kiini chenye utando wake, na klorofili, ile rangi ya kijani, imefungwa ndani ya kloroplasti, vifuko vidogo ndani ya seli. Sasa chukua ule utelezi wa kijani unaotanda juu ya matope ya mikoko. Mara nyingi humo mna mwani wa bluu-kijani, na seli zake hazina kiini wala kloroplasti. DNA haina utando unaoizingira, na ukuta wa seli umejengwa kwa peptidoglikani, kemikali ya kuta za bakteria, kama wa bakteria wengine. Ndiyo maana penisilini, inayovuruga ujenzi wa ukuta huo, huwadhuru viumbe hawa.

Wanamikrobiolojia Roger Stanier na C. B. van Niel walitumia hoja hiyo ya muundo mwaka 1962 walipoeleza bakteria ni nini, na mwani wa bluu-kijani ukaangukia upande wa bakteria. Mwaka 1979 Rosmarie Rippka, Stanier na wenzao wakaugawa katika makundi 5: je, seli zinaishi moja moja au kwa nyuzi, zinagawanyikaje, zina heterosisti, yaani seli maalumu za kunasa nitrojeni?

Heterosisti ndiyo inayonivutia kuliko yote. Kimeng'enya kinachonasa nitrojeni huharibiwa na oksijeni, na viumbe hawa wenyewe huzalisha oksijeni. Basi baadhi ya seli katika uzi hujijengea ukuta mnene, huacha kutoa oksijeni, na kufanya kazi ya nitrojeni kwa niaba ya jirani zao.

Wako watakaosema DNA imeshamaliza mjadala wa kuainisha viumbe hawa. Kweli, imevunja baadhi ya makundi yale. Nyuzi zinazofanana kwa macho zimeonekana kuwa za koo tofauti. Lakini wenye heterosisti wamebaki ukoo mmoja hata kwa ushahidi wa DNA, na shule zetu hazina mashine za kusoma DNA. Hadubini moja inatosha kuanzia. Walimu, wekeni spirojira, mwani wa kijani wenye nyuzi, ya bwawani kando ya utelezi wa mikoko: katika spirojira kijani kimejikunja kama utepe ndani ya seli, katika nyuzi za bluu-kijani kimeenea. Wanafunzi wachore wanachokiona kabla hawajaambiwa majina.