Kiunoni Tu, Si Shingoni

Mliosikia ile sauti ya dalali inayozunguka kwenye magrupu, eti mfuniko wa chemba ya maji machafu ulivunjika nikazama hadi shingoni na kuyameza: sikuzama hadi shingoni. Chemba yangu ina kina cha sentimita 90, na mimi si mfupi kiasi hicho. Niliishia kiunoni. Na sikumeza kitu, hiyo ni chumvi ya dalali.

Nyumba mnaijua, ile ya vyumba 6 kule Mkolani, Mwanza, iliyobanwa na mawe. Chumba ni 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye daftari ni 360,000, zidisha mara 12, milioni 4 na laki 3 na ushee. Daftari halijui chumba kilichokaa tupu wala koki iliyopasuka, ndiyo maana nalipenda. Mwenye akili zake anahesabu kodi ya miezi 10, na kati ya hiyo mmoja anauweka pembeni kwa matengenezo. Mimi wa pembeni niliuweka. Nikanunua shati jeupe na viatu vya ngozi vya kupokelea wapangaji.

Juzi dalali akaniletea nesi, nesi akaja na mama yake. Mama ndiye aliyekagua. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja au kila chumba kina mita yake ndogo? Na kodi ya jengo inayokatwa humo kwenye LUKU, mzigo wa nani? (Wa mwenye nyumba, jamani. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa, mpunguzie kwenye kodi ya chumba, msigombane.) Nilijibu vizuri mpaka dalali akaanza kuniita bosi. Ndipo mama akauliza, "Baba, na haya maji machafu yanaelekea wapi?"

Nikawatoa uani. Nikapanda juu ya mfuniko wa chemba ili wote wanione, mkono mmoja mfukoni.

"Mama, bomba hapa ni la inchi 4. Kila mita moja linashuka sentimita mbili na nusu. Likilala, uchafu nao unalala. Na kila linapokata kona..."

Kri.

Mfuniko unaofaa ni zege la inchi 3, ndani yake nondo za milimita 8 zimepangwa mraba kwa mraba. Wangu ulikuwa inchi moja na nusu, na ndani, nilikuja kuona kwa karibu mno, hakukuwa na hata waya wa kufungia. Kri ya pili. Dalali akaniangalia miguuni. Mimi nikamwangalia dalali. Mama akamvuta binti yake nyuma hatua mbili, bila neno. Nikainua mguu wa kulia nitoke, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana uzito wote ulihamia wa kushoto. Zege likagawanyika katikati. Sikuanguka, tuelewane. Nilishuka. Wima, taratibu, mkono ungali mfukoni, mdomo ukimalizia sentensi yake: "...unaweka chemba."

Harufu nilishaizoea. Kilichonivunja moyo ni kwamba yalikuwa ya uvuguvugu.

"Ng'wanawane!" mama akasema, yaani mwanangu, kwa Kisukuma. Kisha, baada ya kunitazama kidogo, "Sasa mbona yamejaa?"

Swali la haki kabisa. Chemba isiyo na hitilafu haikai na maji, yanapita tu kwenye mfereji wa chini. Ukiikuta imejaa, mbele kuna kitu kimeziba. Lakini ungekuwa wewe umo ndani yake na shati jeupe, ungeanza kufundisha? (Wewe wa chumba namba 3 uliyekuwa dirishani na simu, kodi yako inaisha mwezi huu. Tukumbukane.)

Fundi alikuja kesho yake. Kumbe aliyejenga alikutana na jiwe, badala ya kulizunguka akalipandisha bomba juu yake na kulishusha upande wa pili. Nyuma ya mwinuko huo mafuta ya sangara ya mama anayekaanga samaki chumba namba 5 yakaganda, mchanga wa dagaa ukakalia juu. Bomba limechepushwa kando ya jiwe kwa elbo mbili za nyuzi 45, kila kona na chemba yake, na karo la kuoshea vyombo limepata kisanduku cha kunasa mafuta, kinachosafishwa kila wiki. Mfuniko mpya una nondo, nimezihesabu kabla ya zege kumwagwa. Pamoja na gari la maji taka, kodi ya vyumba vyote ya mwezi imekwenda. Viatu nilimpa fundi, akakataa.

Nesi kachukua chumba. Mama yake kaomba apunguziwe 10,000 kwa mwezi, eti kwa yale aliyoyaona hana haja ya kuzunguka nyumba nyingine. Nimekubali, ila alipe miezi sita kwa mkupuo. Dalali naye anasema sauti yake imenitangazia nyumba bure, anataka asante. Aje aichukue. Namsubiri uani.