Lugha za Alor na Pantar: undugu wa damu au mfanano tu?

Mwombe mzungumzaji wa Kiabui, kisiwani Alor, akuhesabie. Atakwenda: nuku, ayoku, sua, buti, yeting. Sita ni talaama. Akifika saba anarudi nyuma: yeting ayoku, yaani tano na mbili. Nane ni yeting sua, tisa ni yeting buti.

Alor na jirani yake Pantar ni visiwa vya mashariki mwa Indonesia, kaskazini ya Timor. Humo mna lugha zipatazo 20 ambazo hazina nasaba na Kiindonesia. Wataalamu huziita za Kipapua, jina ambalo kwa kweli ni kapu la kutupia kila lugha ya eneo lile isiyo ya Kiaustronesia, ukoo wa Kiindonesia. Halithibitishi undugu wowote. Undugu wa hizi zenyewe, hata hivyo, hauna ubishi. Kiteiwa cha Pantar huita moto har na samaki haf, na h hiyo hutoka kooni kama ile ya Muhammad kwa Kiarabu. Kiabui husema ara na afu. Sauti ile ile imedondoka mahali pale pale, na bahati haifanyi kazi kwa utaratibu namna hiyo. Jamaa wengine wako Timor kwenyewe: Kibunaq, Kimakasae, Kifataluku.

Ugomvi unaanza ukiuliza ukoo huu mdogo ni wa nani. Mwaka 1975 mwanaisimu Stephen Wurm aliuingiza katika Trans-New Guinea, ukoo mkubwa wa mamia ya lugha za kisiwa cha New Guinea. Mwaka 2005 Malcolm Ross aliutetea uhusiano huo kwa viwakilishi: huku na kule, nafsi ya kwanza ni na.

Hoja hiyo si nyepesi, na Mswahili anaielewa haraka. Sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu. Kenda imebaki kwa wazee na washairi, fungate imebaki kwa maharusi. Lakini mimi, wewe na yeye ni za Kibantu mpaka leo. Anayetupima kwa namba peke yake atatupeleka Maskati.

Tatizo ni kwamba viwakilishi vya Alor havikai vizuri kwenye kiti vilichoandaliwa. Ile ga inayodaiwa kuwa "wewe" katika Trans-New Guinea ya kale, huku ni "yeye". Ili hesabu itimie, ukubali kwamba nafsi ya pili na ya tatu zilibadilishana nafasi. Yawezekana. Ila ukisharuhusu hilo, utamkatalia nani tena? Isitoshe, silabi moja yenye n utaikuta kila pembe ya dunia. Gary Holton na Laura Robinson walipopekua msamiati, wakaandika mwaka 2014 kwamba ushahidi wa kuziunganisha na ukoo ule mkubwa hautoshi. Kesi imekosa mashahidi, na hiyo si sawa na kusema mshtakiwa hahusiki.

Mwaka 2022 Timothy Usher na Antoinette Schapper walipita mlango mwingine. Badala ya kulinganisha na ukoo mzima, walichukua lugha chache za upande wa rasi ya Bomberai, magharibi mwa New Guinea, kilomita zipatazo 1,000 kutoka Alor: Kiiha, Kibaham, Kikalamang. Wanasema hapo sauti zinalingana kwa kanuni.

Mimi naegemea kwao, kwa sababu ya njia waliyoifuata zaidi ya jibu walilolipata. Mtu anayetafuta ukoo wake huanza kwa binamu, hakimbilii kwa babu wa kumi. Umbali wa bahari haunisumbui. Watu wa pwani wanajua bahari ni njia. Kinachonisumbua ni kuwa njia hiyo hiyo hupitisha bidhaa pamoja na majina yake. Ndiyo maana ningetaka kuona ulinganifu huo ukisimama kwa maneno ya mwilini na ya jikoni kabla ya majina ya vitu vinavyouzwa. Na hata ukisimama, Bomberai kuwa ndugu wa Alor hakujibu bado kama wote wawili ni wa Trans-New Guinea.

Watoto wa Alor, wakati huo huo, husomeshwa kwa Kiindonesia, na darasani saba ni tujuh, haina tano wala mbili ndani yake. Mtafiti atakayekwenda huko miaka 50 ijayo asianze na namba.