Meya Mhamiaji wa Ostelsheim na Swali Linaloihusu Uganda

Mnamo Aprili 2023, wakazi wa Ostelsheim, mji mdogo wa watu wapatao 2,500 kusini-magharibi mwa Ujerumani, walimchagua Ryyan Alshebl kuwa meya kwa asilimia 55 ya kura. Alshebl ni Msyria aliyeingia nchini humo mwaka 2015 akiwa kijana wa miaka 21, baada ya kuvuka bahari hadi Lesbos kwa boti ya mpira. Wengi waliusifu uchaguzi huo kuwa ushindi wa ukarimu. Sisi wa Uganda, tunaohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, tuna sababu ya kuzipima sifa hizo, maana kama ukarimu ungetosha, Nakivale, makazi yetu makubwa ya wakimbizi, ingekwisha kutoa viongozi kadhaa wa miji.

Alshebl alifanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya mji jirani wa Althengstett, akafahamika kwa utendaji wake, na mwaka 2022 akapata uraia. Bila uraia huo, sifa zake zote zisingemfikisha kwenye karatasi ya kura.

Kwetu hali ni kinyume. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na katika makazi hupewa kipande cha ardhi, jambo ambalo mataifa tajiri hayalifanyi. Hata hivyo uongozi wa LC, yaani mabaraza ya serikali za mitaa, ni wa raia, na mkimbizi huishia kwenye kamati za wakimbizi wenzake. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba anaweza kuomba uraia wa tajnisi, lakini sheria inadai jumla ya miaka 20 ya ukaazi. Tena, Katiba inawaondoa katika haki ya kuandikishwa kuwa raia kwa kuzaliwa nchini wale ambao wazazi au hata babu zao walikuwa wakimbizi.

Wanaotetea masharti haya wana hoja ambayo mfano wa Ujerumani hauijibu. Alshebl alichaguliwa na wenyeji, kwa kuwa wahamiaji wenzake pale hawakuwa wengi kiasi cha kumpa ushindi. Katika wilaya kama Adjumani, ambako jamii zilizopokea wageni ndizo zilizotoa ardhi, kura za wageni hao zingeweza kuamua uchaguzi, na hofu ya mwenyeji kupoteza sauti juu ya ardhi ya babu zake si chuki tupu.

Lakini kuwafungia watu mlango nako kuna gharama, na gharama hiyo tunaijua. Mwaka 1982 Banyarwanda, watu wenye asili ya Rwanda, walifukuzwa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, wakiwemo waliokuwa raia, kwa sababu zilizochanganyika na siasa. Miaka minane baadaye, vijana waliokulia uhamishoni humu nchini walivuka mpaka kuingia Rwanda wakiwa na bunduki. Kwa maoni yangu, hofu ya wingi wa kura inahalalisha tahadhari, haihalalishi kungoja vizazi vitatu. Aliyezaliwa na kusoma hapa angeweza kuruhusiwa kwanza kugombea LC1, baraza la kijiji, ambako wapiga kura hupanga mstari nyuma ya mgombea na kila jirani anaona nani amesimama na nani.