Mwanafunzi wa digrii ya kwanza na dodoso la saikolojia: aachiwe au azuiwe?

Kila msimu wa risechi za mwaka wa tatu ukifika hapa Dodoma nasikia ubishi uleule. Wengine wanasema hawa madogo wa saikolojia wazuiwe kabisa kwenda kuhoji watu, wamalize digrii kwa masomo ya darasani na fildi ya kawaida, utafiti watakutana nao masters. Wengine wanasema mtu asiyewahi kukusanya data hata mara moja hajasoma saikolojia, amekariri tu. Mimi nimepita humo, sikuizi nasaidia kupitia proposo za wanaokuja nyuma yetu, na naona pande zote zina hoja ila zote zinaruka swali kubwa: siku mwanafunzi anapokutana na jibu zito, nani yuko karibu naye?

Nianze na wanaotaka waruhusiwe maana hoja yao naipenda zaidi. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879 waliokuwa wanafanya majaribio mle ndani ni wanafunzi wake, leo huyu anampima mwenzie, kesho yeye ndiye anapimwa, kwahiyo hii fani tangu mwanzo imekuwa ya kujifunza kwa kufanya. Halafu kuna suala la nani anachunguzwa. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Sasa nani atajaza hilo pengo kama siyo mtoto wa Bahi au Manyoni anayejua watu wake? Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wamehojiwa na watafiti wa nje miaka na miaka, wakati kijana wa Mkalama aliyekua jirani nao anamaliza chuo bila kumuuliza mtu yeyote swali lolote la maana, hili linaniuma kweli.

Na kuna vitu hutavijua mpaka utoke. Mwenzangu mmoja alienda Chamwino na dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, swali moja linauliza kama mtu "anajisikia chini", yule mama akamjibu kwamba ndiyo, tangu asubuhi amekaa chini mkekani. Hakuwa anakwepa swali, lile swali ndio halikuwa Kiswahili. Mama mwenye huzuni nzito huku kwetu atakwambia ana mawazo mengi, halali, moyo umejaa, na kama ni mtu mzima pengine atakwambia kwa Kigogo, na wewe unayejua salamu ya "mbukwenyi" tu ukaishia hapohapo itabidi utafute mtu wa kukutafsiria. Hilo somo lekchara angelisema darasani mwaka mzima lisingeingia vile lilivyoingia siku ile moja.

Sasa upande wa pili, na hapa nasema kilichonikuta. Risechi yangu ilikuwa ya sonona (ile huzuni nzito ya kiugonjwa, depression) kwa wanafunzi wa sekondari, nikatumia dodoso la kuipima linaloitwa PHQ-9 kama wengi wanavyofanya, maana ni ya bure, fupi, na ya Kiswahili ipo. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja sifuri mpaka tatu, jumla mwisho 27. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba heri angekufa au kwamba ajidhuru. Nchini kwetu Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ukitaja tu afya ya akili hapa mjini watu wanakuuliza nani kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwahiyo mtoto akiweka tiki kwenye swali hilo ujue amefika mbali.

Nilikusanya madodoso siku moja nikarudi nayo hosteli na sikuyasoma mpaka siku ya nne, usiku, naingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu. Namba 47 alikuwa ameweka tiki kwenye "karibu kila siku". Jina hakuna. Tulifundishwa siri ya mshiriki na nilikuwa nimeilinda vizuri mno, hata mimi mwenyewe sikuwa na njia ya kumjua. Nikampigia supavaiza hakupokea, nikaandika meseji, jibu lilikuja siku ya kumi na mbili likisema niendelee na uchambuzi. Nilishaenda mwenyewe kwa basi mpaka pale shuleni kwa mwalimu wa malezi, yule mama alinisikiliza, akaongea na kidato kizima kwa ujumla, akawaambia mlango wake uko wazi. Kama namba 47 aliingia kwenye huo mlango sijui mpaka leo.

Wanaotaka wazuiwe wakisikia habari kama hii wanasema si unaona. Naona, ila mtu wa masters na proposo ileile angefanya kosa lilelile, maana kosa lilikuwa kwenye karatasi iliyosainiwa bila mtu kuuliza madodoso yatasomwa lini, nani atapigiwa simu, na mtoto atapatikanaje bila kuanika siri yake. Kuweka namba ya kificho inayotunzwa na mwalimu wa malezi peke yake kungetosha. Kumwita mtu mtafiti hakumpi uwezo wa kukaa na maumivu ya mwenzie kama hakuna aliyemfundisha, na unakuta supavaiza mmoja ana wanafunzi ishirini na kitu, kila mmoja na mada yake, hapo hakuna usimamizi, kuna saini. Presha hiyohiyo ndiyo inawapeleka wengine steshenari kuandikiwa risechi.

Kwahiyo mimi nasema waende, lakini wasiende mmojammoja. Wanafunzi watano sita wawe ndani ya utafiti mmoja wa mwalimu wao, wenye kibali cha maadili kilichosomwa kweli, na vipimo vya sonona au ukatili visibebwe na mwanafunzi peke yake hata siku moja. Kuna mpango wa kimataifa unaitwa CREP ambao wanafunzi wa digrii ya kwanza wanarudia utafiti uliokwishachapishwa na mbinu zao zinakaguliwa kabla hawajaanza kukusanya data. Na kurudia siyo kazi ya kitoto, mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa ni kama asilimia 36 tu ndizo zilizotoa tena matokeo yenye uzito kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuyaita ya bahati tu.

Najua shida ya makundi, kuna atakayepanda mgongo wa wenzie, na kuna walimu watakaowatumia madogo kama punda wa kubeba madodoso kisha makala itoke bila majina yao. La kwanza linatibika, kila mtu aandike uchambuzi wake na audefendi peke yake. La pili ndilo linanipa wasiwasi, kwahiyo makubaliano ya majina yaandikwe kabla dodoso la kwanza halijaprintiwa, mwanafunzi abaki na nakala yake na idara ibaki na nyingine.